Kabla ya Kusajili, Ipitie Guangzhou

Umechaguliwa kuwa mwenyekiti wa klabu. Au tajiri mmoja wa mjini kwenu amekuja na ahadi nene, au tajiri mwenyewe ndiye wewe na umeombwa uishike timu mkono. Jambo la kwanza watakalokuletea mezani ni majina ya wachezaji. Kamati ya usajili ina orodha yake, mashabiki wana yao, na mawakala ndio usiseme. Iweke kando orodha hiyo kwanza. Kuna klabu moja ya kusini mwa China ambayo ndani ya miaka 15 ilifanya karibu kila jambo ambalo kiongozi wa mpira anaweza kulifanya, la kuigwa na la kukimbiwa, na yote yalifanyika hadharani.

Wafanyabiashara wa Kariakoo, Eastleigh na Kikuubo wanaijua Guangzhou kwa mtaa wa Xiaobei, kwa maghala ya nguo na vipuri, na kwa Maonyesho ya Canton. Wachache kati yao walifika Uwanja wa Tianhe. Ulifunguliwa mwaka 1987, na mwaka 1991 ukachezewa fainali ya Kombe la Dunia la kwanza kabisa la wanawake, Marekani ikiifunga Norway 2-1. Miaka ishirini baadaye ukawa nyumba ya Guangzhou Evergrande. Klabu hiyo ilitwaa Ligi Kuu ya China mara saba mfululizo, kuanzia 2011 hadi 2017, ikaongeza la nane mwaka 2019, na katikati yake ikawa bingwa wa Asia mara mbili, 2013 na 2015. Januari 2025 shirikisho la soka la China lilipotoa orodha ya klabu zilizopewa leseni ya msimu mpya, jina lake halikuwemo. Timu ikavunjwa.

Wengi hulifupisha simulizi hili hivi: zilikuja pesa, zikaisha. Ufupisho huo hautakusaidia kitu. Miaka ile klabu nyingi za China zilimwaga pesa na hazikuambulia hata kombe la mbuzi. Guangzhou ilishinda kwa maamuzi ya uwanjani yaliyofikiriwa, ikafa kwa maamuzi ya ofisini, na haya mawili lazima uyatenganishe tangu siku ya kwanza, maana anayekushauri juu ya moja mara nyingi hajui la pili.

Kikosi: hesabu wazawa kwanza

Mwanzoni mwa mwaka 2010 klabu ya Guangzhou ilishushwa hadi daraja la pili kwa kosa la kupanga matokeo. Evergrande, kampuni ya majengo iliyoanzishwa mjini humo mwaka 1996 na Xu Jiayin, iliinunua kwa yuan milioni 100. Kwa klabu ya ligi kuu ingekuwa bei ya kutupa. Kwa klabu iliyochafuka jina na kushuka daraja, wengine waliona ni nyingi.

Tazama walivyosajili. Miongoni mwa wa kwanza alikuwa mshambuliaji Gao Lin, kisha Zheng Zhi, kiungo wa timu ya taifa aliyekuwa akiichezea Celtic ya Scotland, naye akakubali kushuka hadi daraja la pili la China. Wakafuata beki wa kati Feng Xiaoting, beki wa kulia Zhang Linpeng, kiungo Huang Bowen na kipa Zeng Cheng. Ndani ya misimu mitatu uti wa mgongo wa timu ya taifa ya China ulikuwa unavaa jezi nyekundu ya Guangzhou.

Hesabu yenyewe haikuwa ngumu. Katika mashindano ya Asia wakati ule timu iliruhusiwa wageni watatu, na wa nne lazima awe Mwasia. Ligi ya China ikakataza kabisa kipa wa kigeni. Kwa hiyo saba kati ya kumi na mmoja wangekuwa Wachina, upende usipende. Kila klabu yenye pesa ilikimbilia wale wanne. Guangzhou ilianza na wale saba, halafu wageni wake ikawaweka pale mechi inapoamuliwa. Muriqui na Elkeson kutoka Brazil wakawa mbele, Darío Conca wa Argentina nyuma yao, na ile nafasi ya Mwasia wakaijaza kwa Kim Young-gwon, beki wa kati kutoka Korea Kusini. Mwaka 2013 Muriqui alifunga mabao 13 katika Ligi ya Mabingwa ya Asia. Fainali dhidi ya FC Seoul iliisha 2-2 ugenini na 1-1 Tianhe, kombe likaja kwa mabao ya ugenini. Shabiki wa Yanga hahitaji kufafanuliwa kanuni hiyo: ndiyo iliyowanyima Kombe la Shirikisho mwaka 2023, walipofungwa 2-1 na USM Alger jijini Dar es Salaam na kushinda 1-0 kule Algiers.

Basi fanya hivi. Chukua karatasi, andika kikosi chako cha kwanza bila mgeni hata mmoja. Ukikosa kipa, mabeki wawili wa kati na kiungo mkabaji ambao ungewaamini Cairo au Lubumbashi usiku wa mechi ngumu, pesa yako ya kwanza iende hapo. Kanuni za Tanzania zinaruhusu wageni wengi kuliko ilivyokuwa China, na kwa maoni yangu ndiyo sababu viongozi wetu huiruka hatua hii. Wanaweza kumfunika mzawa dhaifu kwa mgeni wa bei nafuu, mwaka unapita. Mwaka wa pili mgeni ameondoka, dhaifu bado yupo.

Juu ya wageni wenyewe nakupa mifano miwili tu. Mwaka 2015 Guangzhou ilimchukua Paulinho kutoka Tottenham ya London, ambako alikuwa hapati namba. Miaka miwili baadaye Barcelona ikamnunua kwa euro milioni 40. Februari 2016 ikamsajili Jackson Martínez kutoka Atlético Madrid kwa euro milioni 42. Huyu alikuwa na jina kubwa zaidi na picha za mapokezi zilipendeza zaidi, lakini kifundo cha mguu kilimtesa, akacheza kwa nadra, na mwaka 2018 mkataba ukavunjwa. Usisajili kwa video. Daktari atakayempima mchezaji awe wako, analipwa na wewe, na majibu yake yasomwe kabla msemaji wa klabu hajaanza kutamba mitandaoni.

Kocha

Kocha aliyeipandisha Guangzhou na kuipa ubingwa wa 2011 alikuwa Lee Jang-soo, Mkorea. Mei 2012, akiwa ameivusha timu hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa ya Asia, akaondolewa. Nafasi yake ikachukuliwa na Marcello Lippi, aliyeipa Italia Kombe la Dunia mwaka 2006. Wapo walioona ni ukatili, na ulikuwa ukatili kweli. Lakini ukiangalia orodha nzima, kuanzia 2010 hadi 2021 klabu ilikuwa na makocha wakuu wanne tu: Lee, Lippi, Fabio Cannavaro na Luiz Felipe Scolari, huku Cannavaro akirudi mara ya pili. Lippi alishinda ligi misimu mitatu. Scolari alimaliza na ligi tatu na ubingwa wa Asia wa 2015.

Kwetu zipo klabu zinazopitisha makocha watatu ndani ya msimu mmoja, kila mmoja anakuja na wasaidizi wake na orodha yake ya usajili, na kila anayefukuzwa anakwenda FIFA kudai salio la mkataba. Matokeo unayajua: klabu inafungiwa kusajili. Ukimfukuza kocha, mlipe siku hiyohiyo au andikianeni ratiba ya malipo siku hiyohiyo. Kama huna pesa ya kumlipa, basi huna uwezo wa kumfukuza.

Bonasi

Msimu wa 2011 Guangzhou ilikuwa na utaratibu uliojulikana China nzima: timu ikishinda inapata yuan milioni 5 za kugawana, ikitoa sare milioni 1, ikifungwa inakatwa milioni 3. Hilo la kukata usiliige. Mchezaji anayeogopa kukatwa hucheza pasi za pembeni dakika 90. Kinachofaa kuigwa ni kwamba kiwango kilijulikana kabla ya mpira kupigwa. Ukitaka mfano wa nyumbani, chukua Goli la Mama, shilingi milioni 5 za Rais Samia kwa kila bao la klabu za Tanzania kwenye mashindano ya Afrika mwaka 2023. Nguvu yake haikuwa ukubwa wa kiasi peke yake. Kila mchezaji alikijua kiwango kabla hajatoka chumba cha kubadilishia nguo. Lililo baya ni ahadi ya mdomo anayoitoa mjumbe mmoja wakati wa mapumziko, timu iko nyuma 1-0, na miezi mitatu baadaye wachezaji bado wanaulizana nani aliisikia. Andika viwango, viweke sahihi, vibandike ukutani.

Vijana, uwanja, na mambo yasiyopigiwa makofi

Mwaka 2012 Evergrande ilifungua shule ya soka huko Qingyuan, kaskazini mwa Guangzhou, kwa ushirikiano na Real Madrid. Majengo yake yana minara kama kasri za Ulaya, jambo ambalo mimi naliona la kuchekesha, ila viwanja vyake vilikuwa karibu hamsini na makocha walitoka Hispania. Miaka kumi ya mwanzo shule hiyo haikuipa timu ya kwanza karibu chochote, na mashabiki waliibeza.

Ikaja 2021, kampuni mama ikaanguka, nyota wakaondoka mmoja mmoja. Msimu wa 2022 vijana waliachiwa mzigo wa ligi kuu na timu ikashuka daraja. Ungesema ndiyo mwisho. Lakini vijana haohao walicheza misimu miwili daraja la pili, na mwaka 2024 wakamaliza nafasi ya tatu, hatua moja tu chini ya kupanda. Timu isiyo na tajiri, iliyojaa madeni, ilikaribia kurudi ligi kuu kwa watoto wa shule yake. Uwekezaji uliodharauliwa kuliko wote ndio pekee uliobaki ukizalisha baada ya pesa kukatika.

Uwanja ni hadithi nyingine. Aprili 2020, wakati dunia imejifungia kwa korona, Evergrande ilizindua ujenzi wa uwanja wa watu 100,000 wenye umbo la ua la yungiyungi, kwa makadirio ya yuan bilioni 12. Haukukamilika, na ardhi ikarudi serikalini. Klabu bingwa ya Asia haikuwahi kumiliki uwanja wake wa mechi. Tianhe ni mali ya umma.

Linganisha na Lubumbashi. Desemba 2015 Guangzhou na TP Mazembe walikuwa Japan kwenye Kombe la Dunia la Klabu, mabingwa wa Asia na mabingwa wa Afrika. Mazembe ile ilikuwa na Mbwana Samatta na Thomas Ulimwengu. Uwanjani Guangzhou ilifanya vizuri zaidi: iliifunga Club América ya Mexico 2-1, bao la Paulinho likija dakika za nyongeza, wakati Mazembe ilichapwa 3-0 na Sanfrecce Hiroshima. Lakini Mazembe walirudi nyumbani kwenye uwanja wao wenyewe wa Kamalondo, uliofunguliwa 2011, na kwenye kituo chao cha vijana. Nao wameegemea mno mtu mmoja, Moïse Katumbi. Nisikudanganye kwamba wako salama milele. Ila leo bado wanacheza. Na kama Lubumbashi ni mbali, nenda Chamazi ukaone Azam walivyopanda ligi kuu mwaka 2008, wakajenga uwanja wa kawaida wa watu 10,000 na timu ya vijana, wakawa mabingwa msimu wa 2013/14 bila kufungwa mechi hata moja. Kiwanja cha mazoezi chenye hati miliki kina faida kuliko ramani ya uwanja wa watu laki moja.

Pesa ya nani?

Hapa ndipo ukae muda mrefu kuliko kwenye orodha ya usajili.

Mwaka 2015 Guangzhou ilitwaa Asia, ilijaza Tianhe kwa wastani wa zaidi ya watu 40,000 kwa mechi, ilikuwa na Alibaba kama mbia aliyelipa yuan bilioni 1.2 kwa nusu ya hisa mwaka uliotangulia. Mwaka huohuo ikapata hasara ya zaidi ya yuan milioni 900. Mwaka 2019, mwaka wa ubingwa wa mwisho, hasara ilikaribia yuan bilioni 2. Hizi hazikuwa siri, kwa kuwa hisa za klabu ziliorodheshwa kwenye soko la Beijing na hesabu zilichapishwa. Hakuna aliyeshtuka, kwa sababu Evergrande ilikuwa inafidia. Na Evergrande yenyewe ilikuwa inaishi kwa kukopa: kukopa benki, kukopa kwenye masoko ya nje, na kuchukua pesa za wanunuzi wa nyumba ambazo hazijajengwa. Serikali ilipobana mikopo ya kampuni za majengo mwaka 2020, mnyororo ukakatika. Madeni yalipita dola bilioni 300. Januari 2024 mahakama ya Hong Kong iliamuru kampuni ifilisiwe, na mwaka mmoja baadaye klabu ikakosa leseni kwa kushindwa kulipa madeni ya zamani.

Haikuwa peke yake. Jiangsu Suning ilitwaa ubingwa wa China mwaka 2020, na Februari 2021, miezi michache tu baadaye, ikasimamisha shughuli. Klabu ya pili ya Guangzhou kwenyewe, iliyomilikiwa na kampuni nyingine ya majengo, R&F, ilifutika mwaka 2023. Wala usidhani ni ugonjwa wa Wachina. SportPesa ilipojiondoa Kenya mwaka 2019, Gor Mahia na AFC Leopards waliyumba vibaya. Mwaka huohuo Sony Sugar, timu ya kiwanda cha sukari na mabingwa wa Kenya wa 2006, walifukuzwa ligi kuu baada ya kushindwa kufika kwenye mechi zao. Kiwanda kikikohoa, timu inalazwa.

Kwa hiyo, kabla ya kusaini chochote, kaa na mhasibu ufanye hesabu mbili. Ya kwanza ni mapato ambayo klabu inaingiza yenyewe: viingilio, mgao wa haki za matangazo, udhamini wenye mkataba uliosainiwa, jezi, ada za wanachama, mauzo ya wachezaji. Msaada wa tajiri usiuweke humo. Ya pili ni mishahara yote, ada za usajili na kamisheni za mawakala. UEFA sasa inazitaka klabu za Ulaya zisivuke asilimia 70 ya mapato kwa matumizi hayo. Ukikuta wewe uko asilimia 150, usikate tamaa, klabu nyingi kubwa za Afrika Mashariki zingetoka hivyohivyo. Ila sasa unajua kwamba timu yako inaishi kwa moyo mwema wa mtu, na unaweza kupanga kuishusha namba hiyo mwaka hadi mwaka.

Hesabu za klabu hazitoshi. Omba hesabu zilizokaguliwa za kampuni ya mfadhili. Evergrande ilikuwa kwenye soko la hisa la Hong Kong tangu 2009, na deni lake lilikuwa limechapishwa kwa yeyote mwenye kutaka kusoma. Mashabiki walisoma msimamo wa ligi.

Kisha mkataba. Pesa anazoweka ziandikwe kuwa mtaji au zawadi, zisiandikwe kuwa mkopo, la sivyo siku mkigombana utagundua klabu inadaiwa na rafiki yake mkubwa. Jina, nembo, rangi na kiwanja vibaki mali ya klabu. Shirikisho la China lililazimisha klabu ziondoe majina ya kampuni mwaka 2021, ikawa Guangzhou FC, lakini kwa Guangzhou ilikuwa kuchelewa. Tanzania ina kinga ambayo Wachina hawakuwa nayo: kanuni za serikali zilizotoka 2017 zinawabakizia wanachama asilimia 51, na zile 49 hazitakiwi kuwa za mwekezaji mmoja. Mashabiki waliojaza Tianhe hawakuwa na kura hata moja. Wanachama wako wanayo, hivyo wapelekee mkataba wausome kwa Kiswahili, kwenye mkutano wenye akidi, na wakili awepo kujibu maswali. Watakuchosha. Watapiga kelele, mmoja atauliza habari za mwaka 1993. Vumilia.

Mwisho weka masharti mawili ambayo wafadhili wengi watayapinga. Mishahara ya msimu mzima iwekwe kwenye akaunti ya peke yake, au idhaminiwe na benki, kabla ligi haijaanza. Na anayetaka kuondoka atoe taarifa ya msimu mmoja kamili, akiendelea kulipa. Akiyakataa yote mawili, usimfukuze. Muuzie tangazo la kifuani kwenye jezi kwa mkataba wa mwaka mmoja, mpe tiketi za jukwaa kuu, na usimpe kiti kwenye kamati ya usajili.